Ngozi ya Kioo

Violeth aliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi, akaweka laptopu juu ya kaunta, na kabla sijainua kifuniko akaniambia haina ugonjwa. Alichokuja kutafuta ni shahidi.

Baba yake mkubwa, Mahona, mfugaji wa Bukundi kule Meatu, alikuwa amemtumia ujumbe kwamba anaitaka mashine yake. Wazee wangekaa Ijumaa kulisikiliza jambo hilo. Jumatatu itakayofuata Violeth alitakiwa kuripoti Zagayu, kwenye mradi wa utafiti wa wadudu wa pamba, awe mwingizaji wa takwimu kwa mkataba wa miezi minane. Tangu amalize stashahada ya kilimo mwaka 2018 alikuwa amefundisha kwa kujitolea, amechapa barua za watu, amewajazia watu fomu za mtandaoni. Mkataba wenye jina lake hakuwahi kuupata. Sharti la nne kwenye barua ya mradi lilisema mwajiriwa afike na laptopu yake inayofanya kazi. Asiyefika nayo, nafasi yake ingechukuliwa siku hiyohiyo na anayefuata kwenye orodha. Nililisoma mara mbili. Lilikuwa limeandikwa vizuri, bila upenyo wa kubembeleza.

Nikamuuliza inakuwaje mashine aliyoitumia miaka saba iwe ya mtu mwingine. Akanieleza taratibu, kwa sababu alijua mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba hapa Bariadi. Kisukuma nakizungumza, lakini mambo ya ng'ombe nayajua kwa kusikia tu.

Mahona aliinunua Mwanza mwaka 2017, mpya, kwa ajili ya mwanawe Fredrick aliyekuwa anaenda chuo. Fredrick aliacha chuo baada ya muhula mmoja. Mashine ikakaa ndani. Mwaka uliofuata mzee akampa Violeth, lakini hakumpa kama zawadi wala hakumwazima. Alimkabidhi kwa utaratibu anaoujua, ule wanaouita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa mtu mwingine amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa na hutumia samadi. Ng'ombe mwenyewe na ndama atakaowazaa hubaki wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi, ijulikane kwamba kweli amekufa, hakuuzwa wala hakuliwa. Na mtunzaji akiwa mwaminifu kwa miaka, mwisho hupewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wake.

Siku ya kumkabidhi, mbele ya mashahidi wawili, mzee alisema maziwa ya mashine hii ni ya Violeth, na ikifa amletee ngozi. Watu walicheka. Violeth naye alicheka, lakini ngozi alizitunza.

Hapo ndipo nilipoelewa tabia yake moja iliyokuwa ikiniudhi. Kila nilipombadilishia kifaa aliniomba kile cha zamani. Nilidhani ananishuku.

Ninaweka daftari la kila mashine inayopita mezani kwangu: tarehe, dalili, kilichobadilishwa. Nilimsomea ya kwake. Novemba 2019, betri. Betri ya laptopu huvumilia kuchajiwa mara mia tatu hadi mia tano, kisha hupungua. Watu wa hapa huacha mashine kwenye chaji mchana kutwa kwa kuogopa umeme kukatika, na joto humaliza kazi iliyobaki. Agosti 2020, diski ya kuhifadhia, tunayoiita hadi diski, ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Hizo hazipendi barabara ya vumbi juu ya pikipiki. Nikamwekea ya aina mpya isiyo na kitu kinachozunguka. Aprili 2021, kioo. Juni 2022, kibodi, kwa chai. Oktoba 2023, bawaba zote mbili, umri wake wa kawaida kwa mtu anayefungua mashine kwa kushika kona moja. Feni nilikuwa nikiisafisha kila mwaka baada ya msimu, kwa sababu nyuzi za pamba zinazoruka mjini huingia humo zikajikunja kama kiota. Kilichobaki cha mwaka 2017 kilikuwa ubao mkuu, ambao mafundi tunauita mazabodi, feni, spika na ganda.

Violeth alikuwa na mpango, na ulikuwa mzuri. Kwenye rafu yangu kulikuwa na mzoga wa laptopu ya aina ileile: mazabodi yake nzima, lakini kioo, betri, diski na kibodi hakuna. Angewaomba wazee wamwachie vifaa alivyoongeza yeye. Mimi ningevifungua palepale Bukundi, mzee abaki na mazabodi na ganda lake, na vifaa vingine nivihamishie kwenye ule mzoga. Ni kazi ya jioni moja. Jumatatu angekwenda Zagayu na mashine.

"Kaka Josia, wewe wasomee tu daftari," alisema. "Wakiona kila kilichokufa kina ngozi yake, baba mkubwa hatakuwa na neno. Namjua."

Kila kilichokufa kilikuwa na ngozi yake isipokuwa kioo.

Hili la kioo nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililoamua mambo. Aprili 2021 Violeth alikuja akisema picha inageuka nyeupe kila akifungua kifuniko zaidi ya nusu. Kioo chenyewe hakifi kirahisi. Taa zake za nyuma huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya saa, na chake kilikuwa hakijafikisha saa elfu sita. Kinachokufa mapema ni waya mwembamba unaopita kwenye bawaba kupeleka picha juu, kwa sababu hupindwa kila mashine inapofunguliwa na kufungwa. Nilifundishwa hivyo chuoni na nilikuwa nimekwisha kuyaona mara nyingi. Kuupima waya huo ni kazi ya dakika ishirini. Siku ile nilikuwa na mashine kumi na moja mezani na kioo kimoja cha akiba mkononi. Nikabadilisha kioo. Katika kufungua na kufunga, waya ukakaa vizuri, picha ikarudi, nami nikaandika kwenye daftari: kioo kimekufa. Violeth alipoomba cha zamani nilimwambia vioo vilivyokufa tunabaki navyo mafundi kwa kuchomoa vipande. Hakubisha.

Baada ya wiki sita akarudi na weupe uleule. Safari hii nikaupima waya. Ulikuwa umekatika ndani, karibu na bawaba. Nikaubadilisha, nikamwambia ulikuwa umelegea, akashukuru akaenda. Jioni ile nilikichukua kile kioo cha zamani nikakiunganisha kwenye mashine nyingine. Kiliwaka chote, bila nukta moja nyeusi. Mwezi uliofuata nikakifunga kwenye laptopu ya karani wa parokia moja Kiloleli, na mpaka leo kinafanya kazi. Desemba nilikifuta vumbi. Violeth sikumwambia. Hakuniuliza.

Ijumaa tulipanda basi la alfajiri. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vifaa vya zamani na barua ya mradi ndani ya bahasha, na njia nzima bahasha aliishika kwa mkono, hakuiweka mfukoni. Tulipopita Itilima alinionyesha mashamba ya pamba yaliyoanza kutoa maua, akasema ni wakati huu ndipo wadudu huhesabiwa, mche kwa mche, na hesabu hizo ndizo atakazokuwa akiziingiza. Kisha akasema:

"Wakiuliza kioo, utawaambia kilikufa."

"Nitawaambia kilichotokea."

"Ndiyo hicho," alisema, akageukia dirisha.

Toka hapo mpaka Mwanhuzi nilikuwa na muda wa kutosha kumweleza. Niliyapima mambo kama ninavyopima hitilafu. Kosa la kioo lilikuwa langu peke yangu. Nikilisema mbele ya wazee kwa kinywa changu, lawama itanishukia mimi, yeye atabaki safi. Nikimwambia mapema atanisihi nidanganye, na daftari langu haliandikwi kwa kusihiwa. Hesabu hiyo niliirudia mara mbili na sikuona kasoro. Kasoro ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye kanuni nisiyoijua.

Mwanhuzi tulichukua pikipiki mbili. Kikao kilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa pamba, tupu kwa msimu ule, lenye harufu ya viuatilifu iliyoganda kwenye kuta. Wazee watatu walikaa kwenye mabenchi kuuzunguka mzani mkubwa wa kupimia marobota. Aliyeongoza aliitwa Jilala. Alikuwa katibu wa chama hicho kwa miaka mingi, na aliuliza maswali kama mtu anayechoma robota kwa mkono kutafuta mawe yaliyofichwa ndani. Mahona alikaa pembeni kidogo, mtu mrefu, shati limepigwa pasi, mabuti ya mpira yana matope ya zizini. Tulisalimiana, mwadila, mwadila mhola, akamuuliza Violeth habari za mama yake na kama ile mvua ya juzi ilifika Bariadi. Hakukuwa na ugomvi usoni mwake. Fredrick, mwanawe, alikaa mlangoni na spika za masikioni zikining'inia shingoni. Ana kibanda Mwanhuzi cha kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu, na mashine anayotumia ni ya kukodi. Ndiye aliyeitaka laptopu.

Jilala aliomba aione. Niliiweka juu ya mzani, nikaifungua. Akapitisha kidole kwenye kibodi.

"Ng'ombe huyu ana meno mengi," alisema. "Lakini naona rangi imeanza kwisha. Amekula sana."

"Hayo ni meno ya pili, baba," Violeth alimjibu. "Ya kwanza yamo kwenye mfuko huu."

Wazee walicheka, na Mahona alicheka kuwashinda wote. Kwa muda huo ilionekana kazi imekwisha.

Violeth alieleza ombi lake kwa mpangilio: alivyokabidhiwa, alivyotunza, vilivyokufa na alivyoviongeza, kazi inayomngoja Jumatatu. Alisema hadai mashine. Anadai alichoongeza. Jilala alimjibu kwamba hapo amekosea. Anayetunza ng'ombe humlisha na kumtibu, na siku ya kumrudisha hadai nyasi wala dawa. Kioo kipya na betri mpya ni nyasi. Vimekwisha kuwa ng'ombe. Lakini mzee aliendelea: tena, mtunzaji wa miaka saba hatoki mikono mitupu. Anastahili mtamba. Na kwa kuwa mashine haizai, yeye anaona mtamba wa huyu binti uwe vile vifaa vinne anavyovitaja, kama mwenye mali hana neno.

Mahona alisema hana neno. Ngozi zote zikiwepo, avichukue.

"Sasa mimi nitabaki na ganda?" Fredrick aliuliza kutoka mlangoni.

"Utabaki na ng'ombe wa baba yako," Jilala alimwambia. "Mlishe na wewe tuone."

Violeth akaumwaga mfuko juu ya mzani. Betri iliyovimba tumbo. Hadi diski. Kibodi yenye doa la chai. Bawaba mbili. Jilala alizishika moja moja na mimi nikasoma daftari, tarehe na sababu, na kila kimoja kilipokubaliwa alikisogeza upande wa Mahona. Mahona aliitazama betri kwa muda mrefu kuliko vingine, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema huyu alikufa kwa kuvimbiwa.

"Na kioo?" Jilala aliuliza.

"Kioo kilikufa mwaka 2021," alisema Violeth. "Ngozi yake alibaki nayo fundi. Yuko hapa, mwulizeni."

Jilala akanigeukia. Nakumbuka kwamba Violeth hakuwa akinitazama. Alikuwa ameanza kurudisha barua yake ndani ya bahasha.

"Fundi, kioo kilikufa?"

"Hapana."

Nikaeleza yote: weupe, waya, dakika ishirini nisizozitumia, jioni ile nilipokijaribu. Nilieleza vizuri. Hata Fredrick alivua spika shingoni kusikiliza.

"Kwa hiyo kilikuwa hai," Jilala alisema.

"Kilikuwa hai."

"Kiko wapi?"

"Kiloleli, kwenye mashine ya karani wa parokia."

"Kinafanya kazi?"

"Mpaka leo."

Mzee mmoja upande wa pili alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba karibu miaka minne kinakamuliwa Kiloleli. Hakuna aliyecheka.

Nikasema niliyokuwa nimeyapanga: kosa ni langu, nilimwambia kimekufa akaniamini, kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Jilala alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Wewe ndiye uliyekabidhiwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe huna kosa hapa. Kosa lako liko huko dukani kwako. Sisi tunamjua aliyekabidhiwa." Akamgeukia Violeth, na sauti yake haikuwa ya ukali, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mtu alikwambia ng'ombe amekufa. Uliuona mzoga?"

"Mimi si fundi, baba. Ningeujuaje?"

"Mbona betri uliidai? Mbona meno uliyadai? Ulijua ngozi zinatakiwa. Hii moja ukaiacha kwa mtu, na kumbe ng'ombe alikuwa anapumua."

Violeth alimtazama Mahona. Mzee alikuwa ameinama, anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti, na alipoinua uso alionekana amechoka zaidi kuliko mtu aliyeshinda.

"Ningekupa hata yote," alisema. "Lakini nitasema nini kwa wengine? Nina ng'ombe ishirini na sita kwa watu. Wakisikia kwako aliye hai aliondoka na nikakupa mtamba, kesho kila mmoja ataniambia fundi alisema."

Ikaamuliwa hivyo. Hakuna mtamba. Mashine irudi kama ilivyo. Kile kioo cha Kiloleli kisifuatwe, kwa kuwa kile kipya kimejaza nafasi yake. Jilala aliona huo ni upole, na kwa kanuni zao ulikuwa upole kweli. Fredrick alikuja akaifunga laptopu kwa kushika kona moja, nikaiona bawaba ikijipinda, akaiweka kwapani. Violeth aliomba dakika kumi anakili mafaili yake. Akapewa ishirini. Alinakili huku amesimama, na kila alipobonyeza kibodi Fredrick aliangalia saa ya simu.

Wakati tunangoja pikipiki nyuma ya ghala nilimwambia kwamba sikuijua ile kanuni. Nilisema ningeijua ningepima tofauti. Nilimwambia pia kwamba nisingeweza kusema kimekufa wakati hakikufa.

"Ulisema," alinijibu. "Mwaka 2021 ulisema kimekufa, ukaandika kwenye daftari. Halafu ukajua siyo, ukakaa kimya karibu miaka minne. Leo ndiyo ukakumbuka ukweli, mbele ya wazee."

"Niliulizwa."

"Na mimi, nani kakwambia sikuuliza? Niliomba kioo changu. Kuomba si kuuliza?"

Pikipiki zilifika. Alipanda ya mbele.

Jumamosi asubuhi niliushusha ule mzoga kutoka rafuni. Betri niliipata hapahapa mjini, kibodi nilikuwa nayo, diski nikatoa kwenye mashine yangu ya kazi. Kioo cha vipimo hivyo hakikuwepo Bariadi nzima. Nilimpigia karani wa Kiloleli nikamwomba anirudishie kile kwa siku nne tu, nitamwekea kingine kizuri zaidi. Aliniuliza kama kina hitilafu. Nikasema hakina. Akasema basi yeye ana orodha za ubatizo za kumaliza kabla ya Pasaka, na kitu kisicho na hitilafu hakifunguliwi. Ni jibu ambalo ningelitoa mimi. Muuzaji wa Mwanza alisema atakituma Jumatatu kwa basi, kikapanda basi la Jumatano.

Jumatatu saa mbili kamili Violeth alikuwa Zagayu. Nilisimuliwa baadaye na dereva wa mradi, mteja wangu. Alimweleza msimamizi kwamba laptopu itafika ndani ya siku tatu. Msimamizi alimwonyesha sharti la nne. Saa tatu na nusu alifika Winnie, aliyekuwa wa pili kwenye orodha, na laptopu ya shemeji yake. Akasaini. Violeth akaulizwa kama yuko tayari kwa nafasi ya mhesabu wa shambani, kazi ya kibarua ya kutwa, isiyo na mkataba. Akasema yuko tayari.

Alhamisi niliwasha mashine iliyokamilika. Kioo kiliwaka mara ya kwanza. Niliupima waya, nikapima betri, nikaiacha ikiwaka kwa saa mbili, kisha nikafunga duka nikaenda nayo Zagayu.

Ofisi ya mradi ni vyumba viwili nyuma ya ofisi ya kata. Winnie alikuwa ndani, msichana mwenye adabu, anaingiza namba kutoka kwenye karatasi zilizojaa mwandiko nilioufahamu: saba zenye mstari katikati, sifuri zilizofungwa vizuri. Aliniambia mwandiko wa dada Violeth ni rahisi kusomeka kuliko wa wahesabu wote, humsaidia kumaliza mapema. Nikamuuliza msimamizi kama nafasi inaweza kuangaliwa upya, kwa kuwa sasa mashine ipo. Alisema mkataba umesainiwa na umekwisha kutumwa. Alisema pia, bila ubaya wowote, kwamba wahesabu hawahitaji laptopu.

Nilimkuta Violeth katikati ya shamba, amevaa kofia ya majani na mabuti, ubao wa kuandikia mkononi. Pamba ilimfika kiunoni. Alikuwa akigeuza majani ya juu, kisha ya kati, kisha ya chini, akisema namba kwa midomo kabla ya kuandika. Nilisimama kwenye mstari aliokuwa akiuendea, begi la mashine begani, nikamwambia iko tayari na ni yake. Kila kitu kilichomo kimepimwa. Nilimwambia betri itampa miaka mitatu, kibodi mitano, kioo zaidi ya kumi.

Alimaliza kwanza mche aliokuwa nao. Aliandika: funza wa vitumba wawili, chawajani tisa.

"Niifanyie nini?" aliuliza. "Nihesabu nini humo?"

Nilisema miezi minane itapita, zitakuja kazi nyingine, mashine itakuwepo. Alisikiliza kama alivyosikiliza Jilala, mpaka mwisho. Akatazama mche uliokuwa mbele yangu. Chawajani ni wadudu wadogo wa kijani wanaokaa chini ya jani. Kivuli kikiwaangukia huruka, na mche huo huandikwa sifuri.

"Usisimame hapo, fundi," alisema. "Unawafukuza."

Nilirudi nyuma hatua tatu, nje ya mstari. Alingoja kidogo, jani litulie, kisha akainama akaligeuza, akaanza tena kuhesabu kutoka moja.